Mahekalu ya Wahindu wa Uingereza na Maneno ya Kiswahili ya Kuyaelezea

Mtu wa Afrika ya Mashariki azuruye hekalu la Kihindu katika miji ya London au Leicester huenda akakutana na jambo asilolitazamia. Miongoni mwa wazee wanaomkaribisha mlangoni wamo waliozaliwa au kulelewa Nairobi, Kampala, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na baadhi yao hawajasahau Kiswahili. Basi mgeni huyo yupo nchi ya mbali, katika nyumba ya dini isiyo yake, lakini wenyeji wake ni watu waliopata kuwa majirani zake. Akirudi kwao na kutaka kueleza kwa Kiswahili aliyoyaona, atajikuta ana maneno mengi, illa karibu kila moja lina hukumu ndani yake kabla hajaitoa yeye mwenyewe.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza kwa ufupi mahekalu hayo yalivyopatikana na mambo yanayofanyika ndani yake. La pili ni kuyapima maneno ambayo lugha yetu inayatumia kwa mambo hayo, na kuonyesha yapi yafaa na yapi yanapotosha.

Walivyofika Uingereza

Safari za biashara kati ya pwani yetu na pwani ya magharibi ya Bara Hindi ni za kale, zikifuata pepo za kaskazi na kusi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch. Baadaye, kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta zaidi ya Wahindi 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa la Victoria. Wengi wa wafanya kazi hao walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha. Maduka yaliyoenea bara yalifunguliwa zaidi na watu waliokuja kwa nauli zao wenyewe, aghalabu kutoka Gujarat na Kutch. Kila walipokuwa wengi walijenga mahali pa ibada, na mitaa ya Kisutu mjini Dar es Salaam ingali ushahidi wa jambo hilo.

Baada ya uhuru wengi wao walikuwa na pasi za Kiingereza. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za kuwabana wasio raia katika kazi na biashara. Watu wakaanza kuondoka kwa wingi, na Bunge la Uingereza likapitisha upesi, katika Machi 1968, sheria ya kuwapunguza wanaoingia. Kisha tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Kiingereza waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasiende mjini humo. Wengi wakaenda huko huko. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba karibu watu 18 katika kila 100 wa Leicester ni Wahindu, na katika England na Wales nzima Wahindu walizidi milioni moja.

Yapasa kuongeza kwamba si Wahindu wote wa Uingereza waliopitia kwetu. Wapo waliotoka India moja kwa moja, na wapo Watamili wengi waliokimbia vita vya Sri Lanka vilivyoanza mwaka 1983, ambao wana mahekalu yao na desturi zao. Tutakayoyaeleza hapa ni hasa ya Wagujarati, kwa kuwa ndio wengi katika wale waliotoka Afrika ya Mashariki.

Majengo

Mwanzo ibada ilifanyika katika vyumba vya nyumba za kukaa na kumbi za kukodi. Fedha zilipopatikana, watu walinunua majengo yaliyokwisha kuachwa: makanisa yaliyokosa waumini, maghala, viwanda. Kwa hiyo mgeni asishangae akiona madirisha ya kanisa nje, na ndani akakuta viti vimeondolewa na zulia limetandikwa.

Mfano mmoja wajulikana sana. Jumuiya moja ya wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu aliyeishi kati ya 1781 na 1830 na kufundisha Gujarat, ilifungua hekalu lake la kwanza la London mwaka 1970 katika kanisa la zamani huko Islington. Mwaka 1982 ilihamia Neasden, na tarehe 20 Agosti 1995 ikafungua huko hekalu la mawe lililojengwa kwa kanuni za kale. Mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na marumaru kutoka Italia yalipelekwa kwanza India, yakachongwa vipande zaidi ya 26,000, kisha vipande hivyo vikapelekwa London na kuunganishwa pasipo nguzo za chuma. Kazi hiyo yote ilikwisha kwa muda wa miaka mitatu hivi. Sehemu kubwa ya jumuiya iliyolijenga ilikuwa ya watu waliokwisha kuhama mara mbili: kutoka Bara Hindi hadi Afrika, na kutoka Afrika hadi Uingereza. Mtu aliyepewa siku 90 afunge mizigo huwa anaelewa vizuri maana ya kujenga kwa jiwe.

Katika hekalu la namna hiyo mnara mrefu huitwa shikhara, maana yake kilele cha mlima. Chini yake ndipo penye chumba kidogo cha ndani kabisa, garbhagriha, yaani nyumba ya mimba. Mtu hutoka katika mwanga na uwanda mpana akielekea mahali padogo palipositirika, kana kwamba anarudi kwenye asili yake.

Mahekalu mengine, nayo ndiyo mengi, hayana mnara. Hayo yana tofauti nyingine inayostahili kuangaliwa. Katika vijiji na miji ya Gujarat, Shiva aweza kuwa na nyumba yake, Rama yake, na Amba yake. Ughaibuni jengo ni moja na watu ni wa asili mbalimbali, kwa hiyo Rama na Sita, Radha na Krishna, Shiva, Amba, Ganesha na Hanuman hukaa safu moja chini ya dari moja. Jengo hilo hilo huwa ukumbi wa harusi, darasa la Kigujarati kwa watoto wanaosema Kiingereza, na mahali pa wazee kula chakula cha mchana. Na kwa kuwa siku za kazi Uingereza haziulizi kalenda ya Kihindu, mikutano mikubwa ya ibada aghalabu husogezwa hadi Jumamosi au Jumapili. Uhamiaji, basi, umebadili si mahali pa ibada tu, bali na umbo lake.

Mgeni mlangoni

Mgeni huvua viatu mlangoni na kuviweka mahali vilipopangiwa. Hutarajiwa awe amevaa nguo za heshima, asiwe amelewa, wala asiingie na nyama. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa mbalimbali; penginepo huchanganyika. Watu wengi hugonga kengele ndogo waingiapo, hukunja viganja pamoja mbele ya kifua, na baadhi husujudu. Mgeni asiye wa dini hiyo halazimiki kufanya hayo. Kukaa chini kwa utulivu kwatosha. Picha zisipigwe bila ruhusa.

Jina la jengo lenyewe katika Kigujarati ni mandir, neno lenye asili ya Kisanskriti lenye maana ya makao. Kiswahili husema hekalu, neno lililotoka katika Kiarabu haykal, ambalo wasomaji wengi wamelizoea katika Biblia kwa nyumba ile ya Yerusalemu. Neno hili si baya, nalo limekwisha kukubalika. Tena lina heri kuliko "kanisa la Wahindi" au "msikiti wa Mabaniani", maneno yanayosikika mitaani na yanayopima nyumba ya mtu kwa kipimo cha jirani yake. Lakini yafaa msomaji ajue kwamba mandir kwanza si mahali pa mkutano wala pa kafara. Ni makao, na kila kifanyikacho ndani yake chafuata jambo hilo.

Kuonana

Mhindu akiulizwa amekwenda hekaluni kufanya nini, hujibu kwamba amekwenda kupata darshan. Wafasiri huandika "kuona". Tafsiri hiyo ni pungufu, kwa maana huyo anayetazamwa naye hutazama. Hapa Kiswahili kina chombo ambacho lugha nyingi hazina. Kiambishi chetu cha kutendana chatuwezesha kusema kwa neno moja kwamba mwumini haendi kumwona Mungu wake tu. Huenda kuonana naye. Neno ziara nalo lakaribia, kwa kuwa kwetu ziara si matembezi tu, bali pia ni kwenda kwa heshima kwa mwenye baraka. "Kusali" au "kuswali" hapa hapafai, kwani huleta picha ya rakaa au ya sala za kanisani.

Vivyo hivyo kuhusu kuzunguka. Baada ya darshan watu wengi huzunguka mahali patakatifu, tendo liitwalo pradakshina. Mwislamu huvutwa kuliita tawafu. Asifanye hivyo. Atufuye Kaaba huiweka upande wake wa kushoto. Mhindu huuweka utakatifu upande wa kuume, ndiyo maana ya neno lenyewe. Mwendo mmoja ni kinyume cha mwingine, na mfasiri asiyeangalia atawageuza watu nyuma mbele. Kusema "kuzunguka kwa kuume" kwatosha.

Murti na upatanisho wa kisarufi

Sasa twafika kwenye neno lililo gumu kupita yote. Zile sura za jiwe, marumaru au madini zinazokaa mahali patakatifu huitwa murti, maana yake umbo, au kitu kilichopata mwili. Sisi husema sanamu. Neno sanamu katika Kiswahili lina nyuso mbili. Mjini Dar es Salaam twasema Sanamu ya Askari, wala hapana aonaye lawama ndani yake. Lakini tukisema "wanaabudu sanamu", neno hilo hilo hurudia maana yake ya Kiarabu, sanamu ya kuabudiwa badala ya Mungu, nasi tumekwisha kuhukumu kabla ya kueleza. Mwenye kuhubiri ana haki ya kuhukumu katika mimbari yake. Mwenye kueleza hana haki hiyo.

Wahindu wenyewe hawakubaliani wote juu ya jambo hili. Wapo, kama wafuasi wa Arya Samaj, ambao hawatumii murti kabisa. Walio wengi hufundisha kwamba Mungu hana mpaka, wala jiwe si Mungu kwa kuwa jiwe. Bali kwa ibada maalumu, iitwayo prana pratishtha, yaani kutiwa uhai, Mungu huombwa akae humo ili waja wake wapate kumhudumia. Kabla ya ibada hiyo murti ni kazi ya fundi. Huchongwa, hupimwa, hufungwa katika sanduku na kusafirishwa kama mzigo wowote. Baada yake huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvikwa nguo kwa kadiri ya majira, hulishwa, na kupumzishwa mchana pazia likiwa limefungwa. Ndiyo sababu mgeni afikaye adhuhuri aweza kuambiwa asubiri: mwenye nyumba amelala.

Hapa sarufi ya Kiswahili yatulazimisha kuchagua. Kiingereza chaweza kujificha. Kiswahili hakiwezi, kwa kuwa kila kitenzi hudai upatanisho. Tuseme "murti imevikwa", "sanamu limevikwa", au "murti amevikwa"? Mwandishi atumiaye i- au li- amesema kwamba mbele yake pana kitu. Atumiaye a- amesema pana mwenye uhai. Hapana njia ya tatu.

Rai yetu ni hii. Katika Kiswahili, upatanisho wa viumbe hufuata uhai wala haufuati umbo la neno: twasema kifaru amelala, kipofu amefika. Tena uhai huo si lazima uwe umethibitishwa na msemaji. Mtu asiyeamini majini husema "jini amempanda", hasemi "jini imempanda", wala hapana amdhaniaye kwa hilo kuwa mganga. Lugha imempa ruhusa ya kusimulia imani ya watu wengine bila kuingia humo. Basi yafaa kusema "murti imechongwa India" na "murti imesafirishwa", kisha, baada ya ibada ya kumtia uhai, "murti ameamshwa", "murti amevikwa", "murti amelala". Kiambishi kimoja cha herufi moja chatosha kuonyesha mpaka ule ambao wenye dini wanauona, na ambao vitabu vizima hushindwa kuuonyesha kwa lugha nyingine. Neno sanamu na libaki kwa kazi ya fundi.

Arti na prasad

Ibada ambayo mgeni ataikumbuka zaidi ni arti. Katika mahekalu makubwa ya Swaminarayan hufanyika mara tano kwa siku. Katika madogo, asubuhi na jioni. Taa yenye tambi zilizochovywa katika samli huwashwa na kuzungushwa mbele ya murti, kengele na ngoma zikipigwa na watu wakiimba. Kisha taa hupitishwa kwa watu. Kila mmoja huweka viganja juu ya mwali kwa kitambo na kuvipeleka machoni na kichwani. Si moto unaoabudiwa, kama wengine walivyoandika. Ni mwanga uliokwisha kutolewa kwa mwenye nyumba na sasa unarudishwa kwa wageni wake.

Mwendo huo wa kutoa na kurudishiwa waonekana pia katika prasad. Chakula hupelekwa kwanza mbele ya murti, kisha hugawiwa watu wote bila kuuliza dini zao, nao hukipokea kwa mkono wa kuume. Wako walioandika sadaka. Lakini sadaka humtoka mtu na kwenda kwa mwingine; prasad humrudia aliyeitoa, ikiwa imebadilika kuwa fadhila. Wenyeji wa pwani wana neno lililo karibu zaidi, nalo ni tabaruku, kile kigawiwacho baada ya maulidi au hitima kwa kutarajia baraka. Sisemi kwamba mambo hayo ni mamoja. Lakini msomaji wa Lamu au Unguja akisikia tabaruku ataelewa mara moja kwa nini si adabu kukataa, na kwa nini kipande kidogo chatosha.

Majina ya watu

Limebaki neno la watu wenyewe. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mwenye dini ya Kihindu. Waandishi wengi huyachanganya, wakaandika "dini ya Kihindi", kana kwamba Waismailia, Wagoa na Masingasinga si Wahindi. Neno la zamani la pwani ni Baniani, lenye asili katika jina la Kigujarati la tabaka la wafanya biashara. Lilitumiwa kwa Wahindu wote, na hata kwa Wajaini, ambao dini yao ni nyingine. Hekalu lao la Leicester, lililo katika kanisa la zamani, lisihesabiwe pamoja na haya. Kila mtu anajua methali isemayo kwamba Baniani ni mbaya lakini kiatu chake ni dawa. Methali hiyo yatufundisha jinsi watu wanavyoweza kukaa pamoja miaka mingi kwa kuhitajiana tu, mmoja asijue mwenziwe anaamini nini. Wao nao walikuwa na majina ya kutuita sisi, wala si yote yaliyokuwa ya heshima. Neno Baniani na lihifadhiwe katika methali na katika historia. Katika maelezo ya leo Mhindu latosha.

Hata hivyo kutojuana huko hakukuwa kamili, na lugha ni shahidi. Kiswahili kilipokea gari, laki, hundi, bima na dobi kutoka lugha za Bara Hindi. Kigujarati cha Afrika ya Mashariki nacho kilipokea kisu, sufuria, fagio na dudu. Njugu ikawa jugu, na muhogo ukawa mogo. Maneno hayo yalivuka bahari pamoja na wenyewe mwaka 1968 na 1972, na leo mogo huandikwa katika orodha za vyakula za London, mbele ya wanunuzi wasiojua kwamba wanasoma Kiswahili.

Kazi iliyobaki ni ya haraka. Aliyekuwa na miaka 20 alipotoka Kampala mwaka 1972 sasa amepita 70, na wajukuu wake hawana haja ya kusema fagio. Wazee hao hukutana kila juma katika kumbi za mahekalu, mahali panapojulikana na panapofikika, nao wanafahamu kwa pamoja lugha mbili ambazo wataalamu wachache sana wa Kiswahili wanazo. Ni wao wawezao kutuambia darshan iliitwaje Kisutu, murti alisemwaje kwa Kiswahili na watumishi waliofagia mahekalu ya Nairobi, na maneno gani walipeana na majirani zao katika mambo ya ibada. Mwenye kalamu na awaendee, avue viatu, awaulize.